Unamsomea Nani?

Mwalimu akiwaaga wenzake kwamba anakwenda masomoni, swali la kwanza analokutana nalo pale ofisini ni hili: "Unakwenda kusomea nini?" Hakuna anayemwuliza anakwenda kusoma nini. Unasoma nini ni swali la kuulizwa mtu aliyeshika gazeti. Unasomea nini huulizwa mtu aliyeshika barua ya ruhusa, na tofauti yote imebebwa na irabu moja, ile e iliyopenyezwa baada ya mzizi. Wanasarufi wanaiita kauli ya kutendea, na wanatufundisha kwamba hueleza kitendo kilichofanywa kwa ajili ya mtu, au kwa kutumia kitu, au mahali fulani, au kwa sababu fulani. Mimi naiita kauli ya nia. Mswahili akitaka kuujua moyo wa mtu hatosheki kujua anafanya nini. Anataka kujua kitendo kinaelekea kwa nani.

Nataka kuifuata irabu hiyo hadi Nandagala.

Nandagala ni kata katika wilaya ya Ruangwa, mkoani Lindi. Ruangwa yenyewe ilikuwa sehemu ya Nachingwea kabla ya kumegwa na kuwa wilaya. Ukiisoma ramani ya huko utakuta majina yamepangana kwa Na: Nandagala, Nachingwea, Nanganga, Namungo, Nambilanje, Namichiga, Narung'ombe. Ni nchi ya korosho, ufuta na mbaazi, na chama kikuu cha ushirika cha wakulima wake kinaitwa RUNALI, jina lililoungwa kutokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Nyumbani mtoto anaweza kulelewa kwa Kimwera. Akifika darasa la kwanza anakutana na Kiswahili cha vitabuni. Akivuka kwenda sekondari anakuta masomo yanafundishwa kwa Kiingereza. Kabla ndevu hazijaota amekwisha kudaiwa lugha tatu.

Nchi nzima inaijua Nandagala kwa sababu ndiko nyumbani kwa Kassim Majaliwa, waziri mkuu wa Tanzania kuanzia 2015 hadi 2025. Kabla ya siasa alikuwa mwalimu. Alipitia Chuo cha Ualimu Mtwara, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikohitimu shahada mwaka 1998. Njia ya namna hiyo, ya kupanda kutoka chuo cha ualimu hadi chuo kikuu huku kazi ikiendelea, inajulikana na walimu wengi wa kusini, ingawa ni wachache mno inaowafikisha bungeni. Mwalimu ninayemfikiria hapa hana jina wala cheo. Ni yule mwenye darasa la nne ambamo baadhi ya watoto, kila wakipewa kitabu, wanakimbilia picha. Amewafundisha, amerudia, amebadili mbinu, bado hajaelewa kinachowazuia, na sasa anajaza fomu za shahada ya pili ili akajue. Nia yake anaieleza kwa Kiswahili. Tumsikilize, na tuyasikilize maneno anayopewa na lugha.

Kitenzi kusomea kina nyuso mbili ambazo ni nadra kuonekana pamoja. Mtu anasomea ualimu, anasomea udaktari, anasomea uzamili. Hapo kinachofuata kitenzi ni ujuzi au cheo atakachokipata yeye mwenyewe. Lakini penyeza kiambishi cha mtu katikati, useme "namsomea", na uso unageuka. Mjukuu anamsomea bibi ujumbe wa simu kutoka kwa mwana aliyeko Dar es Salaam. Karani anamsomea mkulima uzito wa gunia mizanini. Shehe anamsomea mgonjwa. Mwendesha mashtaka anamsomea mshtakiwa makosa yake. Katika visa hivyo vyote anayesoma hapati kikubwa kutokana na kule kusoma. Uzito wa kitendo, uwe wa heri au wa shari, unamwangukia anayesomewa. Sarufi ina jina zuri la huyo: mtendewa.

Basi mwalimu wetu akisema "nasomea uzamili", ametaja cheo tu. Mtendewa hayumo. Ili aingie, inabidi kuongeza kishazi kizima: "ili niwasaidie wanafunzi wanaosuasua." Kishazi hicho kinakuja mwishoni mwa barua ya maombi, na kama kila kinachokuja mwishoni, ni rahisi kukikata. Lugha haimzuii kusema "nawasomea wanafunzi wangu uzamili", ingawa masikio yatashtuka kidogo. Napenda masikio yakishtuka hivyo. Katika sentensi hiyo watoto hawajangojeshwa nje ya kitenzi; wamo ndani, kati ya na- na mzizi, na huwezi kuwatoa bila kukivunja.

Neno rasmi, lile la fomu na risala za Mei Mosi, ni jingine: kujiendeleza. Hapa anayeendeleza ni mimi na anayeendelezwa ni mimi. Kile kiambishi ji kimefunga mlango kwa ndani. Sisemi hivyo kwa kulibeza neno, kwa maana lilizaliwa na haja. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliitaka nchi iharakishe elimu ya msingi kwa wote, na kufikia 1977 watoto walioandikishwa walikuwa wengi kuliko walimu wa kuwapokea. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Watu, kwa ulimi wao usio na huruma, wakazigeuza herufi za UPE, kifupisho cha Kiingereza cha elimu hiyo ya msingi kwa wote, zikawa Ualimu Pasipo Elimu. Miaka ya 2000, sekondari za kata zilipochipuka kila mahali, wakaja waliomaliza kidato cha sita na kupewa mafunzo ya muda mfupi sana, nao wakabatizwa Voda fasta, kwa jina la huduma ya kuongeza salio la simu. Mwalimu aliyewahi kubandikwa jina la namna hiyo ana haki ya kujiendeleza hata kama hakuna mtoto hata mmoja anayemfikiria. Kutaka heshima nayo ni nia.

Na mshahara nao una istilahi yake. Mwalimu wa serikali mwenye cheti anaanzia daraja B, mwenye stashahada C, mwenye shahada D, na kuhama kutoka moja kwenda jingine ni kupanda daraja. Anayemcheka mwalimu kwa kusomea daraja hajajaribu kununua sare za watoto watatu kwa mshahara wa B. Tatizo langu si nia hiyo. Tatizo langu ni mielekeo ya maneno yenyewe. Kujiendeleza ni mwendo wa mbele. Kupanda ni mwendo wa juu. Masomoni ni kule. Maneno yote yanamtoa mwalimu darasani. La kumrudisha ni kuripoti, na kuripoti ni kitendo cha karatasi: unasaini daftari, unapangiwa, na huenda ukapangiwa pengine kabisa, mbali na wale watoto waliokufanya ujaze fomu.

Julius Nyerere alilijua jambo hili kwa mwili wake. Baada ya Makerere alifundisha Tabora, mwaka 1949 akaenda Edinburgh kusomea shahada, akaipata 1952, akarudi na kufundisha Pugu hadi siasa ilipomwondoa darasani mwaka 1955. Baadaye, akiwa kiongozi, alipenda kuwafananisha waliopata elimu na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichosalia ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Asiporudi, ni msaliti. Ukali wa mfano huo hauko kwenye kula wala kwenye kwenda. Uko kwenye kurudi, lile tendo ambalo istilahi zetu za utumishi zimelisahau. Na jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba taifa zima lilimwita Mwalimu maisha yake yote kwa kazi aliyoiacha akiwa na miaka thelathini na ushei.

Kuna mnyambuliko mwingine ambao Nandagala inaujua kuliko chuo kikuu chochote: kusomesha. Mwalimu anafundisha, mzazi anasomesha. Ufuta ukiuzwa mnadani, kinachobaki baada ya makato kinasomesha. Mzee anayesema "nimesomesha watano" huenda hajui kusoma hata jina lake kwenye risiti ya chama cha msingi, lakini ndiye mtenda wa kitenzi hicho kikubwa. Tangu 2016, ada ilipofutwa hadi kidato cha nne chini ya elimu bila malipo, maana ya kusomesha imepungua kidogo vijijini, ila haijafutika. Daftari, sare na chakula bado havijitokezi vyenyewe.

Mwalimu anayefuata shahada ya pili mara nyingi ni wa kujisomesha, kwa kuwa mikopo ya elimu ya juu imejengwa hasa juu ya shahada ya kwanza. Ndiyo sababu wengi wameegemea Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994. Kina vituo mikoani, Lindi na Mtwara vikiwamo, na mtu anaweza kusoma bila kuachana na chaki. Huko njia kuu ya kujifunza ni kujisomea. Tazama neno hilo: lina ji na lina e, nasoma mwenyewe kwa ajili yangu mwenyewe. Linamfaa sana mtu mzima aliyewasha taa saa nne usiku baada ya kusahihisha madaftari. Lakini ndilo neno lile lile tunalomwambia mtoto wa darasa la nne asiyetambua silabi: "Nenda ukajisomee." Sijui amri ya ajabu kuliko hiyo katika shule zetu. Asiyeweza kusoma hana cha kujisomea. Anahitaji mtu wa kumsomea kwanza.

Ngazi zenyewe zinaitwaje? Shahada ni ushuhuda. Mtoto wa Kiislamu wa Lindi analijua neno hilo kabla hajajua kuhesabu hadi mia, maana ndiyo kauli ya imani yake. Akikua analikuta limevikwa joho. Chuo nacho kimesafiri safari hiyo hiyo. Katika Kiswahili cha zamani cha pwani chuo kilikuwa kitabu, kikawa mahali pa kusomea Kurani, leo ni mahali pa maprofesa. Kuhitimu kulikuwa kuikhitimisha Kurani. Karibu msamiati wote tunaouvalia tai siku ya mahafali umetoka kwenye mkeka wa kusomea Kurani, na mkeka haujawahi kudai malipo.

Juu ya shahada ya kwanza ndipo watunga istilahi walipogawanyika. Ofisini mwalimu atasema tu "anapiga masta", na wote wataelewa. Kwenye karatasi, Chuo Kikuu Huria na vingine wanaandika shahada ya uzamili. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inaandika shahada ya umahiri. Ngazi ya mwisho ni uzamivu, na Kenya utaikuta uzamifu. Katika uzamivu kila sikio linasikia kuzama: huyu amekwenda chini hadi hewa imekwisha. Wengi husikia kuzama huko huko hata katika uzamili, sijui kama watunzi walikusudia. Taswira hiyo inapendeza, ila ina hatari yake, kwamba aliyezama haonekani kutoka ufukweni. Kwa mwalimu wa Nandagala ningechagua umahiri. Mahiri lazima awe mahiri wa jambo fulani, na mahiri huonekana akifanya. Mtu anaweza kuwa mzamivu akiwa peke yake maktabani. Umahiri wa kufundisha hauwezi kuthibitishwa bila mtoto kuwapo.

Sasa mtoto mwenyewe, ambaye ndiye chanzo cha fomu zote hizi. Mtaani ni kilaza, ni mbumbumbu, ni boga. Ofisini kwa walimu, sauti ikishushwa, ni mzito. Neno mzito linaonekana la upole, na kwa kweli ndilo linalonitia shaka zaidi ya matusi. Tusi linaweza kukanushwa. Uzito ni sifa ya kitu, na kitu kizito huwa hakiulizwi kwa nini ni kizito. Kinabebwa au kinaachwa kilipo. Akiacha shule, kwenye takwimu za wilaya anakuwa sehemu ya mdondoko. Kudondoka ni kuanguka kidogo kidogo, punje baada ya punje, na kitenzi hicho kimeundwa kisidai mtenda. Hakuna aliyemdondosha. Korosho inadondoka, mtoto anadondoka, ripoti inapigwa mhuri. Ningeomba siku moja tu afisa mmoja aandike "tumewadondosha watoto kadhaa" nione kikao kitakwendaje.

Akibaki shuleni lakini alama zikawa hazitoshi, anakariri darasa. Hapa Kiswahili kimefanya jambo ambalo sidhani ni la bahati mbaya. Kitenzi hicho hicho, kukariri, ndicho tunachokitumia kwa mwanafunzi aliyeyashika maneno ya kitabu kichwani bila kuyaelewa. Aliyefaulu kwa kukariri na aliyefeli akakariri wamekaa chumba kimoja, na anayewatenganisha ni Baraza la Mitihani. Mwalimu yeyote wa muda mrefu anajua kwamba hawa wawili mara nyingi ni mtoto mmoja katika miaka tofauti.

Neno alilolichagua mwalimu wetu katika barua yake ni kusuasua, na nalipenda kuliko yote. Gazeti likisema mradi wa maji unasuasua, maana yake bado unakwenda, ila kwa shida, kwa kusimama-simama. Na angalia wasomaji wanauliza nini wakisoma habari hiyo: fedha zimetoka? Mkandarasi yuko wapi? Mabomba yamefika? Hakuna anayesema mradi ule hauna akili. Kwa hiyo mwanafunzi akiitwa anayesuasua, maswali ya namna hiyo yanafunguka kwake pia. Alipewa nini darasa la kwanza, kwa lugha ipi, darasa lina wangapi, alikuwa wapi msimu wa kuokota korosho, anaona ubao vizuri, anasikia vizuri? Hayo ndiyo maswali ya utafiti. Uzamili wa mwalimu huyu umekwisha kuanza ndani ya kitenzi alichokichagua, kabla hajalipa hata ada ya fomu.

Serikali nayo ilipata neno zuri ilipoleta mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kwa darasa la kwanza na la pili mwaka 2015. Neno hilo ni kumudu. Mtoto amemudu, au hajamudu. Kati ya "hawezi kusoma" na "hajamudu kusoma" kuna umbali wa maisha ya mtu, na kazi yote imefanywa na silabi ja. Walimu wa Lindi walilisikia sana neno hilo katika miaka ya mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioanza 2014 katika mikoa ambayo elimu yake ilikuwa nyuma, Lindi ikiwamo, na ambao pamoja na mengine uliandaa vipindi vya utayari wa kuanza shule kwa watoto ambao hawakupata darasa la awali. Utayari ni istilahi nyingine ya kuheshimiwa. Haisemi mtoto ana akili au hana; inauliza kama ameandaliwa.

Si kila istilahi ya kisasa inastahili sifa hiyo. Siku hizi kila kitu ni changamoto. Mtoto ana changamoto ya kusoma, shule ina changamoto ya madawati, mwalimu ana changamoto ya nyumba. Neno limetokana na kuchangamsha, na lilikuwa zuri kwa kitu kinachokuamsha ufanye jambo; sasa linatumika kulaza. Ukisema mtoto ana changamoto ya kusoma, umesema nini? Umesema kwamba hutaki kusema. Wataalamu wa elimu maalumu, ambao wengi wao hapa nchini wamepita Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, wanahitaji maneno yenye makali zaidi. Usonji ni mfano wa istilahi iliyofanikiwa: miaka si mingi iliyopita ilikuwa ya wataalamu, leo mama anaweza kuitamka redioni. Disleksia, ile shida ya kudumu ya kusoma maandishi, bado inavaa nguo za ugenini. Mwalimu wa Ruangwa anaweza kuwa na mtoto mwenye disleksia darasani kwa miaka saba na asiwe na neno la kumwita isipokuwa mzito, na hapo ndipo istilahi inapoacha kuwa mchezo wa watu wa kamusi. Usilolijua jina lake hulitafuti.

Turudi kwenye mkeka kidogo, maana nimeusifu kwa maneno yake tu. Chuoni kwa maana ya kale, mtoto hakuulizwa amepata ngapi. Aliulizwa amefika wapi. Huyu yuko kwenye herufi, yule yuko juzuu amma, mwingine amefika Yasin, na wote wamekaa mkeka mmoja, mkubwa akimsikiliza mdogo. Aliyekawia alikuwa amefika pale alipofika, hakuwa amefeli. Siupambi mkeka: fimbo ilikuwapo, na wengi walihitimu bila kuelewa walichokisoma. Lakini lile swali la amefika wapi ni la hekima. Taasisi ya Pratham ya India imejulikana duniani kwa kulitumia swali hilo hilo: unawapima watoto, unawagawa kwa kiwango cha kusoma walichofikia badala ya umri au darasa, kisha unaanzia hapo. Upimaji wa Uwezo, ulioanza hapa Afrika Mashariki karibu na mwaka 2010 kwa kuwafuata watoto majumbani na kuwapa hadithi ya kiwango cha darasa la pili, ulichukua mfano wake India, na ulionyesha jambo ambalo walimu walikuwa wakilisema chini chini, kwamba watoto wengi waliovuka darasa la pili hawaimudu hadithi hiyo. Mwalimu wetu akifika chuo kikuu ataletewa nadharia hii ikiwa na majina ya Kizungu na marejeo kurasa tatu. Natumaini atatabasamu akikumbuka jamvi la utotoni.

Na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Mwalimu wa shule ya msingi ya Nandagala anafundisha kwa Kiswahili watoto ambao huenda wanaota kwa Kimwera. Akienda kusomea shahada ya pili ya elimu, atafundishwa na kuandika kwa Kiingereza, isipokuwa amechagua fani ya Kiswahili. Atarudi kijijini kukusanya data kwa Kiswahili, atatafsiri majibu ya wazazi kwa Kiingereza, ataandika tasnifu kwa Kiingereza kuhusu kwa nini watoto hawasomi Kiswahili, ataitetea kwa Kiingereza, itajalidiwa na kuwekwa rafu ya maktaba ya mbali. Mwenyekiti wa kamati ya shule, aliyekaa kwenye benchi saa nzima akijibu maswali yake, hatajua kilichopatikana. Istilahi ya utafiti inamwita mwenyekiti huyo mtafitiwa, na yule mtoto anayesuasua naye ni mtafitiwa. Wamefanyiwa. Katika sarufi wao ni watendwa. Kati ya mtendwa na mtendewa kuna e moja tu, na tasnifu nyingi zinaidondosha hapo, tena bila ubaya wowote wa moyo, kwa kufuata tu mwongozo wa chuo.

Kuna watakaojibu kwamba uzamili hauhitajiki, kwamba tuna MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambayo yanamkuta mwalimu shuleni kwake, pamoja na wenzake katika jumuiya za ujifunzaji, kwa Kiswahili. Ni kweli, na jina hilo lina neno kazini, jambo ambalo nimelalamika kulikosa muda wote huu. Lakini MEWAKA inasambaza maarifa yaliyokwisha kupatikana. Mtu wa kuuliza swali jipya kuhusu watoto wa Ruangwa, wanaolelewa kwa Kimwera katika nchi ya korosho, lazima atoke mahali fulani, na ni afadhali atoke miongoni mwa waliowafundisha. Kwa hiyo nasema aende. Ila aende na e yake.

Jambo hilo halidai fedha nyingi. Tasnifu za Kiswahili zina ukurasa unaoitwa ikisiri, ambapo mtafiti anaeleza kazi yake yote kwa kifupi. Vyuo vikuu vyetu vingeweza kudai kwamba kila tasnifu ya elimu inayohusu shule ya Tanzania, hata iwe imeandikwa kwa Kiingereza, iwe na ikisiri ya Kiswahili cha kueleweka, kurasa tatu nne, bila kujificha nyuma ya changamoto. Na mtafiti, akimaliza, awasomee: asimame mbele ya kamati ya shule na wazazi, awasomee alichokipata, ajibu maswali. Atakwama kwenye maneno, bila shaka, maana kutafuta neno la Kiswahili la jambo ulilolijua kwa Kiingereza ni mtihani mgumu kuliko wa kuitetea tasnifu. Basi na maneno hayo atakayoyapata mbele ya wazazi ayapeleke BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, yapimwe, yaingie kamusini. Hivyo ndivyo istilahi inavyopaswa kuzaliwa, si mezani peke yake.

Kwa mwalimu anayejaza fomu mwaka huu, huko Nandagala au kwingineko, nina ombi moja: kwenye kile kisanduku cha sababu za kuomba masomo, taja watoto kwanza na cheo baadaye. Na nakala moja ya utakachokiandika iache shuleni, kwenye kabati la mwalimu mkuu, kwa Kiswahili.